Miguu ya Mbele

Mshono ulipasuka kwa pigo la pili la nyundo. Seelan Naicker alisikia mlio kabla ya kuona chochote, maana siku hizi masikio yake ndiyo yaliyotangulia kupata habari. Kipande cha juu cha bomba kiliruka kutoka kwenye jiliwa lililobana bomba, kikagonga bati la ukuta, kikabingirika hadi chini ya Golf ya njano, gari lililosimamishwa juu ya stendi mbele ya kibanda chake cha kazi. Alipiga magoti akapapasa sakafu kwa kiganja mpaka akakipata. Kilikuwa bado na joto. Akapitisha kidole gumba pale mshono ulipoachia, na kidole kikamweleza yote: upande mmoja chuma kilikuwa kimeyeyuka kikashikana sawasawa, upande wa pili moto ulikuwa umepita kando, umelamba bomba moja na kuliacha lenzake lilivyokuwa.

"Ningemfungia Riven hii," alisema kwa sauti. "Ningemfungia, akaingia nayo barabarani."



Kazi yake ilikuwa kushusha magari, na kitongoji kizima cha Wahindi cha Chatsworth hakikuwa na aliyehitaji kuuliza maana yake. Gari lililoshushwa hukaa chini mpaka madigadi yakafunika rimu, likatambaa barabarani kama paka anayenyemelea. Wako mafundi wanaolishusha kwa kukata springi kwa moto na kumkabidhi mwenyewe funguo. Gari hukaa chini kweli, lakini shokapu ndani ya bomba haina tena nafasi ya kucheza, na kila shimo la njiani humpanda dereva mpaka kwenye meno. Seelan hakuifanya kazi namna hiyo. Aliutoa mguu mzima wa mbele, ule unaobeba springi na shokapu na kulishika tairi, akalikata bomba lake, akaondoa upana wa vidole vitatu, akaliunga tena likiwa fupi. Kwa nje alilivika kola ya chuma yenye hesi kama za bolti, ili springi ipandishwe au ishushwe kwa kuzungusha. Ndani akatia shokapu fupi iliyolingana na bomba. Yote yalitegemea ule mshono wa katikati. Ukiachia gari likiwa mbioni, tairi hulala chini ya bodi na usukani huwa pambo tu.

Macho yalianza kumwacha mwaka uliopita. Hayakufifia yote kwa pamoja. Lilitokea doa katikati, kama alama ya kidole kwenye kioo, likawa linakua. Sasa chochote alichokitazama moja kwa moja kilitoweka, na vya pembeni vikabaki. Akilitazama bomba, aliona jiliwa. Akimtazama mtu usoni, aliona mabega. Daktari mjini alimwambia kwa upole kwamba doa lile halisafishiki, na kwamba siku nyingine asije peke yake. Seelan alimshukuru, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Alikuwa bado kapiga magoti geti lilipolia.

"Anko! Miguu yangu imeiva?"

Alikuwa Riven, mwenye Golf, dereva wa lori la mikate, mtu mzima mwenye watoto wawili ambaye habari ya gari ilimfanya aruke kama wao.

"Bado inachemka," Seelan alijibu, akainuka taratibu.

"Jumapili ni maonyesho, Anko. Wale wa Phoenix wanakuja na magari yanayolamba lami. Nikifika pale gari langu limesimama kama mbuzi, nitahama mji."

"Utahama na nini? Gari halina miguu."

Riven alicheka. Kisha akaona kipande mkononi mwa fundi. "Eh! Hii imevunjika?"

"Nimeivunja mwenyewe. Naijaribu."

"Unavunja kazi yako mwenyewe!" Sauti ya Riven ilijaa heshima. "Mwingine angenifungia hivyo hivyo akaniambia niende salama. Ndiyo maana siendi kwa mwingine."

"Na kama ningekwambia uende kwa mwingine?"

"Kwa nani, Anko? Wakata springi wale? Usinitanie." Akampiga begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Seelan alibaki na kipande chake. Ameharibu kazi, na kwa kuiharibu amesifiwa. Alitamani ampate mtu wa kumsimulia, wacheke wote wawili.

*

Vaneshree alirudi kutoka zamu jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuwa muuguzi, msichana mrefu, mwepesi wa kutembea na wa kusema. Tangu mama yake, Thilaga, afariki, ndiye aliyeiendesha nyumba. Alipasha dali, ule mchuzi wa dengu, akafungua kopo la dagaa, akawakaanga na nyanya na pilipili, wakakaa mezani.

Jumanne angepanda ndege kwenda Ireland. Hospitali ya huko ilikuwa imempa kazi.

"Appa, ona chumba changu." Alimsogezea baba yake simu. "Mwenye nyumba ametuma picha. Eti kila kitu kimo."

Seelan aliishika, akaiweka mbali, akaisogeza karibu. Aliona weupe, na kitu kirefu ukingoni.

"Dirisha zuri," alisema. "Utapata hewa."

Vaneshree aliinamia simu. "Hilo ni kabati, Appa."

"Nimesema dirisha? Sijavaa miwani."

"Umeivaa."

Alijigusa uso, akaikuta. Akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. "Basi imezeeka kama mwenyewe. Ukifika huko nitumie nyingine."

Binti hakucheka. Aliuchovya mkate kwenye dali, akauacha humo. "Mbona siku hizi hunitazami? Nikisema na wewe unatazama sikio langu."

"Una sikio zuri. La mama yako."

"Appa, sitanii. Kama hujisikii vizuri niambie. Nitawaomba wanisogezee miezi mitatu mbele."

"Uliwaomba mama yako alipolazwa. Ukawaomba tena tulipokuwa kwenye msiba. Ukiomba mara ya tatu watampa mwingine."

"Wampe."

"Vaneshree."

"Nani atakaa na wewe? Jioni kama hii utasema na nani?"

"Nina kazi," Seelan alisema. "Gari la Riven lile uani, halijui hata kutembea. Likiondoka litakuja lingine. Umeshaona lini uani kwangu hakuna gari?"

Hilo ndilo lililomtuliza. Kwa miaka yote aliyokuwa akirudi kutoka shule na baadaye kutoka kazini, mtoto huyu aligeuka kona ya mtaa akasikia mashine ya kusagia chuma, akajua baba yupo na mambo ni sawa. Seelan alilijua hilo. Golf ya njano ikirudishwa kwa mwenyewe bila miguu, Vaneshree angeuliza kwa nini, na maswali ya muuguzi hayana pa kukimbilia. Angegundua, angevunja safari, angezeekea jikoni humu akimwongoza baba yake kati ya meza na choo. Alimsikia anakusanya sahani. Akageuza uso kando kidogo, ili amwone.

*

Nyumba yao ilishirikiana ukuta mmoja na ya jirani, kama zilivyojengwa nyingi za mtaa ule. Jirani huyo alikuwa Balan, mdogo wake wa tumbo moja, na walikuwa hawasemezani kwa miaka.

Zamani walifanya kazi pamoja kwenye kibanda kile. Siku moja ya haraka, Seelan akiwa hayupo, Balan alimkatia mteja springi kwa moto ili amalize mapema. Seelan aliporudi alizing'oa springi mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri, akazitupa barabarani, akasema mikono ya ndugu yake inafaa kukatia majani ya ng'ombe. Watu walicheka. Balan alinawa, akavaa shati lake, akaenda. Akapata kazi bandarini, akachomelea meli mpaka alipostaafu. Thilaga alipokufa alikuja akabeba jeneza pamoja na wengine, akarudi kwake bila kuonja chakula.

Asubuhi, Vaneshree alipokwisha kwenda kazini, Seelan alizunguka ua wa mbele akasimama kwenye geti la mdogo wake. Mke wa Balan, Sushila, alikuwa akimwagilia miche ya bizari kwa mpira.

"Balan!" aliita bila kumsalimu shemeji yake. "Toka nje. Kuna mtu."

Seelan aliimeza hiyo "mtu". Balan alitoka na kikombe cha chai.

"Amekufa nani?" aliuliza.

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea. Nyumba yako ni hiyo hapo."

"Nina kazi," Seelan alisema. "Miguu ya mbele ya Golf. Nataka unichomelee."

Balan aliweka kikombe juu ya ukuta taratibu. "Rudia. Sushila hajasikia vizuri."

"Nimesikia," alisema Sushila.

"Arudie."

"Nataka unichomelee, Balan."

"Kwa mikono ipi? Hii? Nilidhani hii ni ya majani ya ng'ombe."

"Hiyo hiyo."

"Na yako imepatwa na nini?"

"Mikono yangu haina neno. Ni macho."

Balan alimsogelea mpaka Seelan akasikia harufu ya tangawizi ya chai ile. Akageuza kichwa kidogo kushoto.

"Unatazama wapi? Niko hapa."

"Nakutazama wewe. Nikikulenga sawasawa unapotea. Nikitazama kando ndiyo nakuona."

Mpira ulimwaga maji miguuni pa Sushila na yeye hakuusogeza.

"Na sasa unanionaje?" Balan aliuliza hatimaye.

"Umenenepa."

Sushila alicheka kabla hajajizuia. Balan hakucheka, ila aliingia ndani, na alipotoka tena alikuwa ameshika kwapani kofia yake ya kuchomelea, ile ya bandarini, iliyobabuka rangi.

*

Walifanya kazi siku mbili, na maneno waliyosemezana yalikuwa ya chuma tu. Seelan alipima kwa vidole. Aliyajua mabomba yale kwa kuyagusa kuliko Balan alivyoyajua kwa kuyaona. Waliukata upya mshono uliovunjika, wakasaga kingo mpaka zikainama kidogo ili chuma kipate bonde la kujaza. Bomba lilipungua kidogo zaidi, lakini kola yenye hesi ingefidia. Seelan alivishikilia vipande viwili mpaka vikanyooka kama kimoja, akavizungusha kiganjani, akasema "hapo". Balan aligusa kwa moto sehemu nne, wakapima tena, ndipo akaanza kushona.

Seelan alisikiliza. Mlio wa mashine ulikuwa mmoja, laini, usiokatika, kama mafuta yakikaanga kitunguu kwa moto mdogo. Mkono wa Balan wa zamani haukuwa hivi. Ulikuwa wa kurukaruka. Meli zilikuwa zimemfundisha kitu ambacho kaka yake hakuwahi kukijua, na kilipita mbele yake bila yeye kukiona. Bomba lilipopoa aliingiza vidole viwili ndani akazungusha. Mshono ukitokeza ndani hata unene wa ukucha, shokapu haiingii. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa laini kama ndani ya kikombe.

"Uligombana na nani mpaka ukajifunza hivi?" aliuliza.

"Na wewe," Balan alisema. "Kila siku, kwa miaka, na wewe hupo."

Seelan aliubana mguu kwenye jiliwa akaupa nyundo mapigo kumi, kwa nguvu zake zote. Jiliwa ndilo lililolegea.

Walipokuwa wakivika kola ya mguu wa pili, Balan alisema, "Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Ni muuguzi na hajui?"

"Namwonyesha anachotaka kuona."

"Mwambie. Ukishindwa nitamwambia mimi."

"Ukimwambia hataondoka."

"Shauri lake. Ana akili kukushinda."

"Balan, ukimwambia mtoto huyo neno moja, sitasema na wewe tena maisha yangu yote."

Balan alitua kola mezani. "Utaanza lini?" alisema. "Mbona ulishaanza zamani."

Hapo ndipo Vaneshree alipoingia, mapema kuliko walivyotazamia, na sare yake ya kazi na mfuko wa mboga. Alisimama mlangoni pa kibanda. Mfuko ukaanguka.

"Chitappa?"

Ni jina la baba mdogo, na hakuwa amelitumia tangu alipokuwa msichana wa shule. Alimkumbatia Balan na vumbi lake lote, akamkumbatia baba yake, akalia huku anacheka na kujifuta kwa mkono wa sare.

"Ni kwa ajili yangu, sivyo? Mmepatana kwa sababu naondoka. Appa, na mimi nakaa nakuuliza utasema na nani! Kumbe mzee umejipanga." Akamgeukia Balan. "Nilikuwa nawaza nisiende. Kweli kabisa. Jana usingizi sikuupata. Sasa naondoka na moyo mweupe."

Seelan alingoja. Ukingoni mwa macho yake aliona mdogo wake amesimama wima, kisha akaona mkono ukipanda na kofia ya chuma ikishuka usoni, ingawa hapakuwa na kitu cha kuchomelea.

"Kaa mbali, mwanangu," Balan alisema kutoka ndani ya kofia. "Utaumia macho."

*

Jumamosi walifunga miguu mahali pake. Golf iliposhuka kutoka kwenye stendi ilishuka, ikashuka, mpaka kiatu cha Riven kikakosa kupita chini ya bodi, na mwenyewe akashika kichwa kwa furaha. Alikuja na wenzake watatu wa chama chao cha magari. Waliingia wote wanne kwa uzito wao, wakaenda mpaka kwenye matuta ya shule na kurudi.

"Haigusi!" Riven alipiga kelele kabla hajazima injini. "Watu wanne ndani, matuta yale, haigusi! Inapanda, inashuka, kama inapumua. Lala chini, we, uone mshono huo."

Mmoja wao alilala chali akamulika kwa simu. "Loo. Anko Seelan, mshono kama magamba ya samaki. Hakuna mkono kama wako mji huu."

Balan alikuwa kwenye bomba la maji, ananawa. Seelan aliisikia sauti ya maji ikipungua. Mbele ya ua huu huu, na watu kama hawa, ndipo alipozitupa zile springi.

"Si wangu," alisema. Hakupenda sauti yake ilivyotoka, akasema tena kwa nguvu. "Huo mshono si wangu. Ni wa Balan. Mimi sikugusa moto kabisa. Mkono huo ni wa ndugu yangu."

Wakacheka. Wote wanne walicheka, kwa mapenzi tu, bila ubaya.

"Anko bwana!" alisema Riven. "Eti Anko Balan! Sawa, na mimi ni rubani."

"Nasema kweli."

"Tumesikia, Anko, tumesikia." Riven alimkumbatia. Golf ikanguruma, ikatoka getini ikitambaa, na kicheko chao kikaenda nayo mpaka kona.

Balan alifunga maji. Alijifuta mikono kwa gazeti, kidole kimoja kimoja.

"Umejaribu," alisema, akaenda kwake.

Uani palikuwa na alama nne za stendi kwenye saruji na doa la grisi. Hapakuwa na gari. Seelan alisikia Vaneshree akifunga masanduku ndani. Akawasha mashine ya kusagia, akachukua kipande cha bomba kisicho na kazi, akakisaga mpaka kikaisha.

*

Jumanne Balan aliwapeleka uwanja wa ndege kwa gari lake dogo la mizigo, watatu wamebanana mbele, masanduku nyuma chini ya turubai. Vaneshree alikaa katikati na hakunyamaza. Dawa za presha ziko droo ya juu. Aunty Sushila atatuma sahani kila mchana, wameshakubaliana. Simu iwe na chaji. Appa asipande ngazi kubadilisha taa. "Ndiyo," baba yake alijibu kila mara, "ndiyo", akafurahi kwamba barabara ilikuwa na foleni.

Binti alikuwa amevaa koti la kijani alilolinunua kwa ajili ya baridi ya huko. Lilikuwa kijani kikali, na Seelan alilishukuru. Katika ule ukumbi uliojaa watu wasio na nyuso, koti lile aliliona hata kwa ukingo wa jicho.

Walipofika pale ambapo wasafiri huachana na wasindikizaji, Vaneshree alimkumbatia Balan kwanza. Kisha akashika uso wa baba yake kwa mikono miwili.

"Nitazame, Appa. Usitazame sikio. Nitazame mimi."

Alikuwa akimwona wakati ule. Kwa kando, kidogo, aliona shavu, utosi, kipini cha pua kilichokuwa cha Thilaga. Kama angebaki hivyo angeondoka na hicho. Lakini mtoto alitaka kutazamwa. Seelan akageuza macho akamlenga sawasawa, kama baba anavyomtazama mwanawe anayekwenda mbali, na uso ule ukafutika wote. Hakuyaondoa macho. Aliyatuliza palepale penye utupu, akatabasamu.

"Haya," Vaneshree alisema. "Haya. Hivyo."

Akaenda. Koti la kijani liliingia kwenye msururu, likasogea, likasogea, likapotea nyuma ya nguzo, likatokea tena upande wa pili wa kioo. Seelan aliinua mkono akapunga. Koti lilisimama kidogo. Akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, bila kujali watu.

"Anapunga?" aliuliza. "Balan, anatupungia?"

Balan aligeuza kichwa kabla ya kujibu.

"Anapunga," alisema.

Seelan alipunga mpaka koti likatoweka. Ndugu yake alimshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza Seelan aliacha aongozwe mbele za watu.

Walikaa ukumbini mpaka abiria wakaitwa ndegeni, na walikuwa hawajatoka barabara ya uwanja wa ndege simu ilipolia mfukoni mwa Seelan.

"Appa." Nyuma ya sauti yake zilisikika sauti nyingine, na vifuniko vya mizigo vikifungwa. "Nimeshakaa kwenye kiti."

"Vizuri. Kaa dirishani."

"Walinivua koti kwenye ukaguzi. Nililishika mkononi. Nilikuja kwenye kioo upande wa kulia, Appa, nilikuwa mbele yenu kabisa. Niliwapungia. Chitappa aliniona."

Seelan aliibana simu sikioni.

"Wewe ulikuwa unampungia mama mmoja mwenye koti la kijani na mtoto."

Balan alizima redio, ingawa ilikuwa chini.

"Jicho moja au yote mawili?" Vaneshree aliuliza, na sauti ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya muuguzi aliye kazini.

"Yote mawili."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na Chitappa anajua."

"Anajua. Ile miguu ya Golf ameshona yeye."

Alimsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili. Kisha muuguzi akaondoka, akabaki mtoto. "Ningebaki," alisema huku analia. "Appa, ningebaki."

"Ndiyo maana," Seelan alisema.

Sauti ya kike ilikuwa ikiwaambia abiria wazime simu. Vaneshree alisema neno ambalo halikusikika vizuri, labda jina lake, labda la mama yake, na simu ikakatika.

Seelan aliendelea kuishika sikioni. Mbele yao barabara ilinyooka katikati ya mashamba ya miwa, kijani kushoto, kijani kulia, na katikati hakuna kitu.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. Akangoja, kama mtu anayesikiliza. "Ndiyo. Nimesikia. Ndiyo."

Balan aliutazama uso wa simu, uliokuwa umezima. Akarudisha macho barabarani, akapunguza mwendo.